Kadi Bora Zaidi

Kompyuta ya kwanza iliwaka, ikanguruma kidogo, kisha kioo kikabaki cheusi tititi. Jepleting akajaribu ya pili. Cheusi. Kufikia ya sita alikuwa amekwisha kumtukana kimoyomoyo kila mtu aliyewahi kushika bisibisi, na ilikuwa Jumatatu tu, saa nne asubuhi, wasichana wa Kidato cha Pili wakichungulia dirishani kama waliosikia harufu ya chapati.

Akafungua ubavu wa mashine, na hapo ndipo alipoiona. Kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye kioo, haikuwa ya Arvon aliyoagiza. Ilikuwa ya Teksil, mpya, imebandikwa kikaratasi cha fedha utadhani zawadi ya harusi. Alifungua zote ishirini. Zote Teksil.

Nani asingepandwa na hasira? Mwaka mzima Jepleting, mwalimu wa hesabu na kompyuta katika shule ya wasichana nje kidogo ya Salgaa, alikuwa akiihangaikia maabara hii. Shule haikuwa na uwezo wa kulipia leseni za Windows, na mkaguzi wa wilaya hapitishi programu za kuiba. Ndiyo maana aliagiza CD za Linux, programu huria zisizouzwa, zikamfikia kwa posta kutoka ng'ambo. Kadi ya Arvon ingeelewana na Linux bila matata, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa imetoa hadharani maelezo ya chipu zake na watu wa kujitolea wakaziandikia programu. Mshindani wake, Teksil, aliyafungia yake kabatini. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikikimbizana miaka nenda miaka rudi, kila moja ikitaka chipu yake iwe na kasi kuliko ya mwenzake, na hakuna mtu huko aliyekuwa akiwaza Salgaa.

Mkaguzi angekuja Alhamisi. Alitaka kompyuta kumi zinazofanya kazi. Zikipungua, wasichana thelathini na mmoja waliochagua somo la kompyuta wangehamishiwa Kilimo, na ukishaingia Kidato cha Tatu hubadilishi somo tena.

Akampigia simu Mzee Mahesh, muuza kompyuta wa Nakuru.

"Mwalimu! Umeona?" Mzee alikuwa na furaha tele. "Hukutarajia, eh?"

"Nimeona, mzee. Lakini hizi si zenye niliorder."

"Ile uliorder ni ya zamani. Mimi nimekuongezea. Bei ni ile ile. Hii ni kali, watoto watafurahi!"

Mzee angekuwa mwizi, Jepleting angejua amtukane vipi. Lakini Mahesh ndivyo alivyo. Ukinunua waya wa mita tano anakupimia tano na nusu. Baba yake aliuza vitambaa mtaa huo huo kwa mtindo huo huo, na kwao mteja wa kweli haondoki dukani na kile tu alichokuja kutafuta.

Jumanne alishuka Nakuru na kuketi kwenye cyber, duka la intaneti. Aliwaandikia watu wa Linux kuuliza. Jibu lilikuja haraka, la heshima, na halikumsaidia chochote: kadi hiyo ni mpya mno, Teksil hawajatoa maelezo, tunakisia tu, jaribu tena baada ya miezi sita. Miezi sita! Teksil walikuwa na programu yao wenyewe, iliyofungwa. Aliipakua kwa saa mbili na nusu, kisha akasoma kwamba inataka toleo la Linux ambalo hakuwa nalo, na kulipakua hilo kwa laini ile kungemaliza wiki. Alitamani kuipiga meza teke. Alilipa, akatoka, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mahesh.

"Mzee, umeniharibia," alimwambia Mahesh hata kabla ya salamu.

Mahesh alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukimsawijika. Hakubishana. Aliingia nyuma, akarudi na faili, akaweka barua mezani. Kompyuta ishirini, zenye kadi za picha za Arvon, au bora zaidi. Mwandiko ulikuwa wa Jepleting.

Barua zote za kuagiza vitu shuleni huandikwa hivyo. Maharagwe, au bora zaidi. Chaki, au bora zaidi. Huandikwa ili muuzaji asikuletee hafifu, na mkono wake ulikuwa umeyazoea maneno hayo hata haukumuuliza.

"Kwani hii si bora?" Mahesh aliuliza, na alitaka kujua kweli.

"Kwa speed ni bora, mzee. Lakini imefungwa. Siwezi kuongea nayo."

"Zile za Arvon nimeuzia college moja Kisumu, Saturday. Zote." Alijikuna kidevu. "Ngoja. Kunywa chai. Ngoja hapa."

Mzee wa miaka sitini na tano akavaa viatu, akaenda duka kwa duka mwenyewe, akiomba kadi za zamani kwa watu ambao hushindana nao kila siku. Alirudi saa kumi jioni, na kadi sita. Akafungua kompyuta zake mbili za dukani, akang'oa kadi zake, kisha akamtuma mtu nyumbani kuleta ya mkwe wake, Neha, ambaye alipiga simu kulalamika na akaambiwa atanyamaza akizoea.

"Tisa, mwalimu," alisema akifuta jasho. "Nakuru yote. Tisa."

Jumatano kompyuta tisa ziliwaka vizuri, rangi zote, na Jepleting hakupata hata chembe ya furaha. Mwalimu mkuu, Madam Naliaka, alisimama mlangoni akihesabu.

"Mwalimu, kuna njia," alisema. "Supplier akileta kitu tofauti, shule inapewa muda mpaka term ijayo. Uliorder Arvon, akaleta Teksil. Si ni kweli?"

"Na barua je? Inasema au bora zaidi."

"Copy ya shule iko na nani?"

"Mimi."

"Basi ipotee."

"Na yule mzee? Watamtoa kwa list ya shule zote za wilaya."

"Yeye ana duka. Hawa watoto wana nini?"

Lililomuuma Jepleting ni kwamba Madam Naliaka hakuwa mtu mbaya.

Bwana Kosgei, mkaguzi, alifika Alhamisi saa tatu kamili. Alipita kati ya meza, akagusa kila kioo.

"Tisa. Na hizi kumi na moja?"

"Ni mpya. Zinawaka, lakini hazionyeshi kitu."

"Supplier aliwaletea zenye hamkuorder?" Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Alikuwa anamfungulia mlango, hata mtoto angeona. Madam Naliaka alimkazia macho.

Neno moja tu lilihitajika. Jepleting alilitafuta, akalipata, lakini hakulitamka. Aliwachukia Arvon, akawachukia Teksil, akamchukia hata Mahesh kwa kuvaa vile viatu. Akafungua mkoba, akatoa barua.

Bwana Kosgei aliisoma mara mbili. "Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Mwalimu," alisema polepole, "si ungenyamaza tu." Kisha akaandika tisa, akapiga sahihi. Madam Naliaka alitoka.

Darasani wasichana walisimama wote kwa pamoja. Chepkorir, aliyekaa mbele, hakungoja salamu ziishe.

"Madam, tumepita?"

"Hapana."

"Ni ule mzee wa Nakuru alituletea mbaya?"

"Hapana. Ni mimi. Niliandika barua vibaya." Aliuweka mkoba mezani. "Kuanzia Jumatatu mtaenda Kilimo. Poleni sana."

Hakuna aliyelia. Chepkorir alikaa, akafungua daftari lake la kompyuta, akazitazama kurasa zilizojaa maandishi. Kisha akaanza kuzichana moja moja, taratibu, ili zilizobaki zimfae kwa Kilimo. Wenzake wakatoa madaftari yao. Jepleting alisimama mbele yao mpaka walipomaliza.