Vidole Vinne vya Nyasi

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya uwanja, kiganja changu kimezama ndani ya nyasi, na vidole vyote vinne havionekani. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia juu ya jukwaa. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa nyuma yangu, tangi limejaa, visu nimevinoa tangu jana. Kilichobaki ni kuvuta kamba iwake. Sikuivuta. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, niliyezoea kuwakaripia wachezaji wanaokanyaga chokaa yangu kabla haijakauka, nilikuwa naiogopa mashine yangu mwenyewe.

Maana nikizikata zile nyasi, nitakuwa nimekiri.

Timu yetu ya wanawake ilijulikana kwa jambo moja tu, kubutua. Kipa anabutua, beki anabutua, na mbele kabisa anasubiri Mnara, mshambuliaji wetu aliyekuwa akiinama kupita kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mimi ndiye niliyeulea uwanja ufanane na mpira huo. Nyasi niliziacha zifike vidole vinne, na siku ya mechi simwagi hata tone la maji. Mpira ukishuka kutoka juu unanasa palepale, hautelezi kwenda nje, Mnara anaukuta umetulia unamsubiri. Wageni waliokuja na pasi zao za chini waliondoka wakizilaani nyasi zangu. Nilijisikia raha, nisikufiche. Hakuna mtu anayempigia makofi mtunza uwanja, lakini moyoni nilikuwa na magoli yangu kadhaa.

Katika timu hiyohiyo alikuwemo binti yangu. Alikuwa kiungo, mfupi, mwembamba, mashabiki wakambandika jina la Kibiriti. Miaka minne alisugua benchi, na si kwamba hajui mpira. Mpira wenyewe ulikuwa unapita juu ya kichwa chake. Kwenye timu inayobutua, kiungo ni mtazamaji aliyevalishwa jezi.

Ndipo, katikati ya msimu, kocha wa zamani alipoondoka na timu ikiwa karibu na mkia wa ligi, akaja Mwalimu. Hivyo ndivyo sote tulivyomwita yule kocha mpya, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, aina ya mtu anayesema samahani kabla ya kupuliza filimbi. Siku ya kwanza alisema timu itacheza pasi. Kuanzia kwa kipa, chini kwa chini, bila papara, mpaka wapinzani wachoke kukimbiza kivuli. Na katikati ya pasi zote hizo akamweka Kibiriti.

Mwanangu alibadilika. Mezani alikuwa akipanga vikombe na vijiko kunionyesha nani anasimama wapi, mama yake analalamika kwamba chai inapoa. Jioni moja, akiwa bado ameshika kijiko alichokiita beki wa kushoto, aliniambia, "Nikirudi benchi tena, baba, naacha mpira. Miaka minne inatosha." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa anayoondoka.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Mwalimu alinifuata stoo wiki ileile aliyofika. Akaomba kwa adabu zote nyasi zikatwe zibaki vidole viwili, na asubuhi ya mechi uwanja umwagiliwe, mpira upate kukimbia. Nikamjibu, "Sawa, Mwalimu." Nikamtazama akiondoka, nikakata kauli kwamba sitafanya. Ukame ulikuwa umeanza. Nyasi fupi zingeungua mizizi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe hasa ni kwamba nilishamhukumu. Ligi yetu ni ya mabeki wanaopiga mguu kwanza na mpira baadaye, ya waamuzi wanaotazama pembeni, ya viwanja vyenye mabonde. Pasi za subira ni za ligi za watu wengine. Kinyozi wangu alisema hivyo, jukwaa zima lilisema hivyo, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mechi ya kwanza nyumbani, pasi ya Kibiriti kwa beki wake ilifia njiani. Kwenye mazoezi, kule nyuma ya jukwaa penye changarawe, ingefika kabla hujapepesa macho. Hapa iligota, ikapunguza mwendo, ikasimama, na mshambuliaji wao akaichukua akaenda kufunga. Jukwaa likalipuka, "Piga mbele! Piga mbele!" Tukafungwa. Tukafungwa ya pili nyumbani, na ya tatu. Ugenini tulikuwa tunashinda, lakini ni nani aliyekuwa anasafiri kwenda kutuona? Watu walisema ni bahati, au wale ni wabovu.

Mwalimu alirudi stoo mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia visu vimekuwa butu. Mara ya pili nikamwambia maji yalikatika. Aliniamini. Alinishukuru hata kwa kujitahidi, na mimi nikaendelea kukunja nyavu.

Zilipobaki mechi mbili, mtunza vifaa akaugua, nikaombwa nisafiri na timu kubeba mifuko ya jezi. Miaka kumi na tisa sikuwahi kwenda ugenini. Kazi yangu ilikuwa kubaki na uwanja.

Tulicheza kwenye uwanja wa chuo kimoja. Hawakuwa hata na mashine. Mbuzi ndio waliokuwa wameulamba mpaka ukawa kama mkeka, na mvua ilikuwa imepita alfajiri. Niliketi juu ya mfuko wa mipira, nikiwa tayari kabisa kuona upuuzi.

Kipa akampa beki. Beki akampa Kibiriti. Akaurudisha, akaupata tena, akageuka. Mpira ulikuwa unateleza juu ya zile nyasi fupi kana kwamba unajua njia. Mabeki wao walikuja na ile miguu yao ya kukata miti, wakakuta hewa tupu. Ligi ileile, mwamuzi aliyekuwa akitazama pembeni vilevile. Na pale katikati alikuwa mtu nisiyemfahamu, ameinua kichwa, anaonyesha kwa kidole, anawaita wakubwa zake kwa majina nao wanamtii. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni yule mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu. Tulishinda tatu bila. Sikushangilia hata goli moja. Nilikuwa nimeshikwa na aibu mpaka masikio yanawaka.

Kwenye basi alikuja kuketi karibu nami, miguu juu ya mfuko, akimenya chungwa. Nilizungukazunguka kwanza. Nikausifu uwanja wa watu. Nikawasifu mbuzi. Akacheka. Kisha nikasema, "Mwanangu, zile nyasi zetu..."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Visu si butu. Nimekulia kwenye ile stoo, sauti ya visu butu naijua." Akanigawia kipande cha chungwa. "Nilijua tangu mechi ya kwanza."

"Mbona hukumwambia Mwalimu?"

Akatema mbegu kiganjani. "Wangekufukuza. Nikasema labda nikiupiga kwa nguvu zaidi, utafika."

Nilikaa na kile kipande cha chungwa mkononi mpaka kikaanza kunichuruzika kwenye mkono wa shati. Wiki zote zile nilikuwa nikilisikia jukwaa likimzomea, nikamhurumia kama mzazi yeyote, na jioni nikamwambia ajifunze kubutua. Yeye alikuwa anaubeba mzigo wangu, na bado anakimbia.

Basi ndiyo maana asubuhi ya mechi ya mwisho nilikuwa nimepiga magoti pale. Tukifungwa tunashuka daraja. Nikapiga moyo konde, nikavuta kamba.

Nilikata mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Nikamwagilia mpaka viatu vikajaa maji. Mwalimu aliwahi kufika. Alitembea hatua kumi, akasimama, akainama, akaweka vidole viwili juu ya udongo. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akainuka akanitazama kutoka upande wa pili wa uwanja, nikajua ameelewa yote, visu na maji na wiki zote zile. Ningependa anitukane.

"Asante, mzee," akasema. "Nilidhani tatizo ni mimi."

Sitakusimulia mechi nzima. Kwa dakika ishirini wachezaji wetu wenyewe walishtuka, pasi zilikuwa zinawapita miguuni, hawajauzoea uwanja wao. Jukwaa likaanza wimbo wake. Halafu wakapata kipimo. Kipindi cha pili mpira ulikaa miguuni mwetu kwa muda mrefu hadi watu wakanyamaza, si kwa kuchoka, ila kwa kuogopa kuukatiza. Dakika ya sabini Kibiriti alipenyeza pasi katikati ya mabeki wawili, na aliyeukuta mpira ni Mnara, ambaye miaka yote hatukujua kwamba ana miguu. Moja bila. Ikabaki hivyo. Hatukushuka.

Mwenyekiti wa timu alinikuta kwenye kona nikizibaziba sehemu zilizochimbika. Ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye maneno machache, na anayeipenda ile timu kuliko usingizi. Alinipongeza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kamati ilishakaa tangu wiki iliyopita. Mwalimu wanamshukuru, lakini kocha wa zamani anarudi.

"Si tumeshinda?" nikauliza.

"Mara moja, mzee. Nyumbani tumefungwa tatu. Mpira huu ni mtamu, ila si wa ligi yetu. Si wewe mwenyewe uliyekuwa unasema?"

Nilikuwa nimesema. Kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo wasichana walikuwa wanamrusha Mwalimu juu, anashikilia miwani isidondoke, na mwanangu anapiga kelele kuliko wote. Hakujua kwamba benchi lake limeshaandaliwa. Wala Mwalimu hakuwa amemwambia mtu neno lolote kuhusu nyasi. Ningeweza kunyamaza, na dunia ingeendelea.

"Mwenyekiti," nikasema, "zile mechi tatu, mimi ndiye niliyeifungisha timu."

Akakunja uso. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Vidole vinne, vidole viwili, visu visivyokuwa butu, maji yasiyokatika. Nilimwambia kwamba swali la kama pasi zinaifaa ligi yetu halijajibiwa bado, kwa sababu nyumbani tumelijaribu mara moja tu, leo, na kila mtu ameona.

Akavua kiatu kimoja, akaukanyaga uwanja kwa mguu mtupu, akautembeza huku na huku.

"Unajua naweza kukufukuza."

"Najua."

"Nitakuandikia barua ya onyo, na kamati itakaa upya." Akavaa kiatu chake. "Na Jumatatu uje ofisini uwaambie wao kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi. Wasipokusikia kutoka kwako watasema nimemtungia Mwalimu hadithi."

Jumatatu nilikwenda. Barua ninayo hadi leo, imekunjwa ndani ya sanduku la vifaa, chini ya kijiwe cha kunolea. Mwalimu alikaa misimu minne.

Lakini jioni ile ya mechi sikuwa najua hayo. Nilitembea na mwanangu kurudi nyumbani, yeye na mfuko begani, magoti yote yamechubuka, na mimi nikamweleza nilichomwambia mwenyekiti. Tulipita duka la dawa, tukapita kituo cha mafuta, hajasema kitu. Nikafikiri amekasirika.

"Baba," akasema mwisho.

"Eeh."

"Upande wa kushoto, karibu na kibendera, umeacha nyasi ndefu kidogo."

"Kwa kiasi gani?"

Akanionyesha kwa vidole.

"Kesho nitazirekebisha," nikasema, na ilibidi nitazame pembeni.