Nafaka ya Jumapili

"Umeniulia farasi, Delia, halafu unasimama hapo kunifundisha."

Malachy Tarpey aliyasema hayo katikati ya shamba, na sisi majirani tuliojipanga ukutani tukasikia vizuri, maana hakuna hata aliyejisumbua kujifanya anapita tu. Farasi jike wake, Peig, alikuwa amekakamaa mbele ya plau, jasho linamchuruzika, miguu ya nyuma migumu kama magogo. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyolala.

Malachy ana farasi mmoja, na Delia Concannon, mjane wa ng'ambo ya ukuta, ana mmoja. Kila msimu huwaunganisha, wakalima huku kisha kule. Jumapili Malachy alikwenda matangani kwa shangazi yake, akamwachia Delia mnyama na agizo: pumba za maji moto na nyasi kavu, basi. Farasi wa kazi akishindiliwa nafaka siku ya mapumziko, Jumatatu misuli inamfunga. Kwetu hata watoto wanalijua hilo. Delia naye analijua. Lakini alimwona Peig anaramba ndoo tupu, akasema huu ni ubahili wa Malachy tu, akamjazia nafaka.

"Nilimhurumia," alisema. "Mbavu zake zinaonekana toka kanisani."

Malachy akamjibu kwamba huruma hiyo angempa marehemu mumewe alipokuwa hai. Akashika hatamu amvute Peig nyumbani.

Delia akamzibia njia, uso umemwiva. "Msogeze hatua moja tu, atakufa. Na hapo utakuwa umemuua wewe."

Malachy alijua ni kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaiachia hatamu. Delia alikwenda kwake, akarudi na mablanketi ya kitanda chake mwenyewe. Wakamfunika, wakamsugua mapaja, mmoja kila upande, wakitukanana juu ya mgongo wake mchana kutwa.

Jua linashuka, Peig akakojoa tena, safari hii rangi ya majani makavu. Akainua kwato, akapiga hatua.

Malachy hakushukuru. Alisema mwakani atatafuta mwenzi mwingine wa kulima naye.

"Tafuta," Delia akamwambia, akikunja mablanketi yanayonuka jasho. "Kuna nguruwe na kabichi chunguni. Ingia ule. Kama ni kunitukana, nitukane umeshiba."