Kiganja Juu ya Helmeti

Kwa miaka kumi na tisa Mama Winchi hakumpa shemeji yake neno la moja kwa moja, na wala hilo halikumkosesha usingizi. Walikula meza moja kila wiki. Akitaka chumvi alimgeukia mumewe: "Mwambie mdogo wako asogeze chumvi." Na shemeji, chumvi iko mbele yake na masikio anayo yote mawili, alingoja mpaka aambiwe na kaka yake. Mume wa watu alishazoea. Alisema yeye ndiye mkalimani pekee duniani anayetafsiri lugha kwa lugha ileile.

Kwa hiyo Alhamisi ile mchana, aliposikia mkewe akisema, "Shemeji, kesho saa tatu uje kiwandani, na helmeti yako," aliacha kutafuna.

Shemeji aliitazama sahani yake. "Gurudumu?"

"Gurudumu."

"Nitakuja," akasema, na chumvi akaisogeza bila kuambiwa.

Usidhani moyo wa Mama Winchi ulikuwa umelainika. Haukulainika hata kidogo. Alimhitaji, basi. Kiwanda cha chuma kilichokula ujana wao wote watatu kilikuwa kimefungwa na jengo limeshauzwa. Makumbusho ya mji yalikwisha kuhamisha nyundo ya mvuke, makoleo marefu ya tanuru, hata saa ya zamu. Lilibaki gurudumu kubwa lililokuwa likizungusha mashine ya kubana chuma chekundu mpaka kiwe nondo. Tani kumi na nane, kipande kimoja. Nondo zilizoshika nusu ya nyumba za mji ule zilitoka kwa nguvu zake. Mwenye jengo alitoa muda hadi Ijumaa jioni; likiwa bado limo, watu wa vyuma chakavu wangelikata vipande kwa gesi. Mitungi yao ilishapangwa ukutani, kama wageni waliowahi harusi.

Winchi za kukodi hazikupita mlangoni. Ilibaki winchi ya kiwanda chenyewe, ile inayotembea kwenye reli chini ya paa, ambayo Mama Winchi aliiendesha miaka ishirini na miwili. Mafundi walibadilisha kamba zake za chuma, mkaguzi akaijaribu kwa mzigo mzito kuliko gurudumu, akaipitisha. Mhifadhi wa makumbusho, binti mchapakazi asiyeachana na daftari lake, alitaka kumpa dereva redio ya mkononi.

"Redio ya nini, mwanangu? Pale juu mimi simsikilizi mtu. Naangalia mikono."

"Na nani bado anazijua hizo ishara?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Ishara zile zilizaliwa mle mle kiwandani, kwenye kelele ambazo mtu hakuweza kusikia hata chafya yake mwenyewe. Waliozijua wamekufa au wamehama. Alibaki Kidole, na Kidole ndiye shemeji. Jina alilipata kwa kuwa alihamisha tani ishirini kwa kidole kimoja, tena kwa maringo, mkono mwingine kiunoni.

Ishara moja tu haikutaka kidole. Mtoa ishara akikosea, aliweka kiganja juu ya helmeti: kosa langu, dereva hana hatia. Zamu nzima inaona, mambo yanakwisha. Miaka kumi na tisa iliyopita Kidole alitoa ishara ya kushusha, na chini kulikuwa na paa la ofisi ya mizani. Mama Winchi akashusha. Hakuumia mtu, lakini paa halikubaki. Mbele ya meneja, Kidole akala kiapo kwamba alitoa ishara ya kusimama, na mikono yake ikabaki mfukoni. Mama Winchi akapewa ufagio kwa miezi mitatu. Dereva bora kuliko wote, anafagia takataka za tanuru mbele ya watu ambao juzi walikuwa hawaanzi kazi mpaka yeye apande! Lilimuuma siku ile, na lilikuwa bado linamuuma.

Ijumaa saa tatu alipanda ngazi. Magoti yalinung'unika, hakuyajali. Kwenye kibanda chake cha juu, kishikio cha kushoto kilikuwa bado na shimo dogo lililochimbwa na dole gumba lake. Akakaa, akapiga kengele mara moja. Kule chini kidole kikainuka.

Minyororo ikakaza. Gurudumu likaachana na sakafu, vumbi la miaka likamwagika, na mumewe Mama Winchi, aliyekuja kutazama, akavua kofia. Inua. Kushoto. Simama. Polepole. Mikono ya watu wawili wasiosemezana ilielewana vizuri hata mafundi wakaweka zana chini, wakatazama.

Walipofika karibu na mlango, trela likiwa linangoja, kidole kilisema tena polepole. Mama Winchi, kwa furaha, akavuta kishikio mpaka mwisho. Gurudumu likayumba, likagonga nguzo, na jengo zima likalia.

"Simamisheni!" Alikuwa msimamizi wa mwenye jengo. "Kama ni dereva ndiye aliyekosea, ashuke sasa hivi, na hili likatwe!"

Watu wa gesi wakainuka. Mama Winchi aliona mkono wa Kidole ukipanda, ukapita bega, ukatua juu ya helmeti.

"Mimi," Kidole akasema. "Dereva hana hatia."

Msimamizi aliguna, akaikagua nguzo, akaruhusu waendelee. Msimamizi alipogeuka kurudi mahali pake, kiganja cha Kidole kilikuwa bado palepale. Kule juu Mama Winchi aliona reli na nguzo zikiloa machoni mwake. Akajifuta, akapiga kengele mara moja.

Saa sita gurudumu lilikuwa juu ya trela, zima, na mitungi ya gesi inarudi ilikotoka. Mama Winchi akashuka ngazi. Kidole alikuwa amesimama chini yake.

"Shemeji, la nguzo lilikuwa langu."

"Najua," Kidole akasema. "Nilikuona ukivuta."

Mhifadhi alikuja na daftari lake. Alikuwa amechora kila ishara. "Na ile ya mkono kichwani, maana yake nini? Niiweke pamoja na nyingine."

Mama Winchi hakumsaidia shemeji yake. Alingoja.

Kidole aliweka tena kiganja juu ya helmeti, mbele ya mafundi na kaka yake, akakiacha hapo. "Andika," akasema, akimtazama Mama Winchi. "Kosa langu. Dereva hana hatia."

Binti akaandika. Lori la kuvuta trela likawashwa. Mume, kwa mazoea, akamgeukia mkewe. "Nimwambie nini?"

"Wewe pumzika," Mama Winchi akasema. "Nitamwambia mwenyewe."