Pole ya Jirani

Daktari wa mifugo alimshona mbwa Soksi nyuzi kumi na moja shingoni, na fundi cherehani akazitazama kwa jicho la kazi. Zilikuwa zimenyooka. Hakuwaza kingine. Alimviringisha mbwa wake mdogo kwa shuka, akarudi naye nyumbani, akamlaza chini ya meza ya cherehani juu ya mabaki ya vitambaa.

Alasiri jirani akabisha hodi. Alikuwa fundi wa mageti. Nusu ya mtaa inafunga milango kwa kazi ya mikono yake, lakini geti lake mwenyewe hulifunga kwa waya. Hapo ndipo jibwa lake lilipochomoka asubuhi ile, likamng'ata Soksi.

"Pole sana, dada," alisema. "Pole kwa yaliyotokea."

Alisema kama mpita njia aliyesikia tu kwamba kuna mgonjwa. Fundi cherehani alingoja neno la pili. Samahani ni neno fupi, wala halichoshi ulimi. Jirani aliinama, akachungulia chini ya meza, akatikisa kichwa.

"Mbwa hawa nao," alisema. "Pole, jamani."

Kupitia dirisha ule waya ulionekana, bado unaning'inia getini. Fundi cherehani alitaka kumwonyesha, lakini mkono haukuinuka. Mdomo ndio uliofunguka, ukamjibu kama ulivyozoea tangu utotoni kumjibu kila anayetoa pole.

"Asante," alisema, na jirani akaenda zake akiwa ameshukuriwa.