Anayeruhusu Ndiye Anayesimama

Serikali iliyoshindwa uchaguzi ilikuwa imebakiza siku moja, na mfa maji haachi kutapatapa. Tangu asubuhi redio ya ofisini kwetu ilisoma kanuni zilizofutwa: ya moshi, ya majitaka, ya saa za kazi za madereva. Waziri alikuwa kama mpangaji aliyefukuzwa, anang'oa mpaka swichi za ukutani. Nilisonya, nikaendelea na chai yangu. Halafu wakaisoma ya kwangu.

Mimi ni mkaguzi wa boila, yale matangi ya chuma yanayochemsha maji ili mvuke uendeshe kiwanda. Kanuni ilisema boila niliyoifunga mimi kwa lakiri, ule waya wenye muhuri wangu, haifungui mtu mwingine. Sasa, kuanzia saa ileile, mtaalamu wa kiwanda chenyewe angeweza kuiruhusu kwa saini yake. Chai ikanishinda. Mwezi ule nilikuwa nimefunga boila moja tu, ya kiwanda cha sabuni, na anayechochea moto wake ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Niliifunga kwa sababu ya sauti. Chuma kizima ukikigonga kwa nyundo kinaitika. Chenye ufa kinanuna. Chini ya tumbo la ile boila, karibu na mshono, palinuna. Niligonga tena na tena nikitamani niwe nimekosea, kisha nikafunga. Kuanzia hapo wafanyakazi wakakaa nyumbani bila mshahara, na mtaani nikaitwa Mama Kufuli. Mdogo wangu hakuniita hivyo, ila aliacha kuja kwangu kula. Mke wake, wifi yangu, anafungasha sabuni kiwanda hichohicho, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imekaa kwa kosa langu.

Nilipofika kiwandani, lakiri ilikuwa imeshakatwa na kuni zinawaka. Wafanyakazi walikuwa wamerudi, wanacheka, wanafuta vumbi kwenye mashine. Mwenye kiwanda, mtu mzito mwenye sauti ya upole, alinipokea kwenye mlango wa chumba cha boila. Alinieleza kwa heshima zote kwamba sheria ni sheria, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimwimbia wimbo huo kila mwaka. Nikamwambia chuma hakisikilizi redio.

"Mama, ajali haina kinga," akasema.

"Hii inayo. Mlikuwa nayo mpaka leo asubuhi."

Akatabasamu tu. Tabasamu lile lilinipandisha mori, na mimi nikikasirika mdomo hutangulia akili. Sisi wakaguzi tuna desturi yetu: anayeruhusu boila iwashwe ndiye anayesimama kando yake presha inapopanda mara ya kwanza. Haijaandikwa popote, kwa hiyo hakuna waziri wa kuifuta. Nikaitaja mbele ya watu wote, kwa sauti, nikimkodolea macho yeye. Nikasema kama boila ni nzima, basi aliyeiruhusu aje asimame hapa, chini ya tumbo lake, tuone. Watu wakamgeukia. Nikajua nimempata.

Mwenye kiwanda akaitikia kwa kichwa, polepole. Akasema desturi nzuri sana, na akamwita mdogo wangu.

Kumbe asubuhi ileile alikuwa amempandisha cheo. Mchochea moto alikuwa sasa Mkuu wa Mitambo, mtaalamu wa kiwanda chenyewe, na saini ilikuwa ya kwake. Alikuja amevaa koti jipya la kazi lenye mikunjo ya dukani. Hakunitazama. Alisimama palepale nilipokuwa nimepaonyesha kwa kidole changu mwenyewe. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikaanza kusema nimefuta maneno yangu, kwamba haina haja, lakini nani angenisikia? Mwenye kiwanda alikuwa ameshatoka nje, akasimama ng'ambo ya uwanja, karibu na gari lake.

Sikuweza kumwacha. Nikaenda nikasimama naye, bega kwa bega. Mshale wa geji ukaanza kupanda. Joto lilitupiga usoni. Nasema kweli, niliomba mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja: boila ivuje kidogo watu waamini, na isivuje hata tone kwa sababu mtoto wa mama yangu alikuwa pale. Mshale ukafika kwenye alama nyekundu, ukatetemeka, ukatulia.

Haikuvuja.

Watu wakapiga makofi. Mashine zikaanza kunguruma, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba Mama Kufuli apewe kipande cha sabuni akaoge mkosi. Wakacheka. Mwenye kiwanda alirudi akitembea kwa madaha, mkono ameshaunyoosha. Mdogo wangu akanikumbatia, nami nikadhani tumepatana.

"Dada, umesikia?" akaninong'oneza.

Nilikuwa nimesikia. Mlio mdogo, mkavu, chini kwenye mshono, mara moja tu, kabla ya makofi.

"Zima moto," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Nimeshasaini, Dada. Nikizima leo, nani ataniajiri tena?" Alimtazama mwenye kiwanda aliyekuwa anakaribia. Kisha akasema, haraka, "Mtoe wifi yako."

Akaniachia, akapeana mkono na bosi wake, akaokota kuni.

Nilimwambia mwenye kiwanda tulichosikia. Alimgeukia mdogo wangu, akamuuliza kama ni kweli. Mdogo wangu akasema hakusikia kitu. Basi mlinzi akaambiwa anisindikize, maana kwa kanuni mpya mkaguzi anaingia kwa mwaliko. Nikapita chumba cha kufungashia, kilichopakana ukuta na boila, nikawaambia wote watoke. Waliangalia msimamizi wao. Msimamizi akaangalia mlango. Hakuna aliyeinuka.

Nilimshika wifi mkono, nikamvuta kutoka kwenye benchi lake na karatasi za kufungia zikamwagika chini. Alikuja kwa sababu aliuona uso wangu. Tulikata uwanja karibu tunakimbia, yeye na aproni yake, mlinzi nyuma yetu akilalamika. Karibu na geti akageuka.

"Na mume wangu?"

"Anakuja," nikasema. "Twende, anakuja."