Mistari Inayoishia Katikati ya Shamba

Watu walimwita Bwana Pancha, na jina lilimganda kwa haki yake. Ni dereva gani mwenye akili timamu anayefika shambani, anazima trekta, anachuchumaa kando ya tairi zima kabisa na kulitoa upepo? Yeye alifanya hivyo kila asubuhi. Matairi yake mapana yakalegea na kutandaza tumbo chini, nao wapita njia wakampigia kelele: "Bwana Pancha, leo tena?" Akawacheka. Alijua anachokifanya. Tairi lililolegea linatandaza uzito wa trekta, udongo haushindiliwi, mizizi na maji vinapata pa kushukia.

Aliyekuwa hacheki ni mama mkwe wake, mwenye shamba. Marehemu mumewe alililima kwa matairi membamba yaliyojazwa upepo hadi yanalia ukiyagonga, naye hakuona kwa nini mume wa binti yake aje kumkosoa mtu asiyeweza kujitetea. Alimpa msimu mmoja tu.

"Mahindi yakifika magotini nitakuja kuyaangalia," alimwambia akiwa mlangoni, maana ndani hakumkaribisha. "Nikikuta yamedumaa, matairi hayo yanatoka shambani kwangu, na wewe unayafuata."

Mke wa dereva alikuwa muuguzi, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mumewe alishinda na njaa juu ya usukani. Siku moja baada ya mvua, akiwa anavunja mabonge ya udongo kwa haro iliyofungwa nyuma ya trekta, aliona pikapu ya marehemu inaingia getini na kukatiza shamba polepole hadi alipo. Mama mkwe akashuka, akaweka bakuli la viazi juu ya boneti.

"Binti yangu asije akasema namuua mumewe," akasema, akageuza gari akaenda zake.

Kesho yake akaja tena, akasubiri amalize kula ili achukue bakuli. Siku nyingine akakaa kidogo. Mara akaanza kuongea, na akishaanza, mama yule hakuwa na breki. Dereva aliyefiwa na mama yake kabla ya kuijua sura yake akajikuta anaisubiri ile pikapu kuliko viazi vyenyewe. Kupanda kulipoisha, chakula nacho kikaisha, na akaona siku zimekuwa ndefu kupita kiasi.

Kisha mahindi yakaota, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imestawi hata wapita njia wakapunguza kelele. Lakini humo humo ilipita mistari ya mahindi ya manjano, mafupi, yaliyokata tamaa. Ilikwenda miwili miwili. Yote ilianzia getini, ikatawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na kila jozi ikaishia ghafla katikati ya shamba, mahali pasipo na chochote. Trekta inatoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Haiingii ikafika katikati ikapotea!

Akapima upepo wa matairi. Ulikuwa mdogo kama kawaida. Akashuku kipimo, akaazima kingine, kikasema vilevile. Akachukua nondo na kuichomeka kwenye mahindi mazuri, ikazama bila kusukumwa sana. Akaichomeka kwenye mstari wa manjano, ikagoma kama imekutana na sakafu.

"Labda ni mbolea," mkewe alisema.

"Mbolea inashindilia udongo?"

"Basi labda ni matairi yako."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Huenda wazee walikuwa sahihi, na yeye ndiye kichekesho walichokiona tangu mwanzo. Lakini kwa nini sehemu nyingine zote ziwe nzuri? Na mbona mistari ni myembamba, haizidi shubiri, wakati tairi lake ni pana kama kitanda cha mtoto? Alizunguka shamba akijisemea peke yake, mpaka akachoka, akaufuata mstari mmoja kutoka getini hadi unapoishia, akasimama hapo kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Hapa, akakumbuka, ndipo mama mkwe alipomsimulia alivyojifunza kuendesha gari akiwa mjamzito. Akaenda mwisho wa mstari wa pili. Hapa alicheka kwa mara ya kwanza. Wa tatu: hapa alimwita "mwanangu," akajifanya hakusema.

Dereva akaketi chini. Vigurudumu vya pikapu, vya barabarani, vimejaa upepo hadi pomoni, kwenye udongo uliolowa na kulegezwa, kwenda na kurudi. Trekta yake nzima haikuuumiza udongo kama bakuli lile la viazi.

"Mwambie," mkewe alisema jioni ile. "Shamba ni lake."

"Nikimwambia ataona haya. Hatakuja tena."

"Na usipomwambia anakufukuza!"

 Alilala na swali hilo, akaamka nalo, na mama mkwe akafika kabla hajaamua lolote.

Aliacha pikapu getini, akaingia kwa miguu, mikono nyuma kama mkaguzi. Alipita kwenye mahindi mazuri bila kupunguza mwendo. Alipofika kwenye ya manjano akasimama.

"Haya ni nini?"

"Ni mimi, Mama," dereva akasema. "Kuna siku nilisahau kutoa upepo."

Mama mkwe akaufuata mstari kwa macho, taratibu, mpaka getini. Pikapu ilikuwa imesimama pale pale mistari yote ilipokutana.

"Mwongo mkubwa wewe. Gari hili naliendesha tangu mkeo yuko tumboni, nisijue linavyopita?" Akamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama."

"Ukawa tayari nikufukuze, na unajua?"

Dereva akaangalia viatu vyake. "Ningekwambia, usingeniletea tena viazi."

Mama mkwe akajifuta jasho usoni, na jua lenyewe lilikuwa halijawaka. Alipoongea, ilikuwa kwa ukali wake uleule wa mlangoni.

"Mtu mzima hovyo! Kwani mimi sina miguu?"