Kichwa cha Mkurugenzi

Tangi la maji la kilimani lilifurika siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, mkurugenzi akamwita fundi wa redio ofisini.

"Redio zako takataka," alisema. "Nataka zenye nguvu mara tatu."

Fundi, mwanamke aliyezifunga redio zile kwa mikono yake mwenyewe, alijikuna kisogo. Redio zilikuwa mbili tu. Ya tangini hutuma habari kwa mawimbi hadi nyumba ya pampu kule bondeni: maji yamejaa, zima. Moja inasema, nyingine inasikia, kama mke na mume, ila hizi huwa zinasikilizana. Sasa pampu ilikuwa haisikii kitu.

"Nipe leo tu, mzee."

Akashuka pampuni. Mwendesha pampu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye siku zote hizo alikuwa akipanda kilima kwa miguu kwenda kulichungulia tangi.

"Wifi, nimekonda kwa ajili ya redio zako!"

"Umekonda wapi? Nionyeshe."

Walicheka, kisha fundi akafungua kumbukumbu za mtambo. Nguvu ya mawimbi ilikuwa nzuri miezi yote, halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, ikaporomoka kama mlevi ngazini.

"Jumanne ile kulikuwa na nini?"

"Si ile sherehe ya bosi? Miaka mitano ya uongozi. Tulisimama juani mpaka miguu ikavimba."

Fundi akatoka nje, akasimama chini ya antena, akatazama kilimani. Antena ya tangi hakuiona. Aliuona uso wa mkurugenzi: bango la bati, mita sita kwenda juu, limesimikwa siku ile ya sherehe kwenye paa la jengo la kusafishia maji, linatabasamu katikati ya njia. Mawimbi ya redio zile hutaka antena zionane, tena na nafasi ya kutosha pembeni. Bati likikaa kati, basi tena.

Kumwambia ndiko kulikokuwa na kazi.

"Tatizo tumelipata, mzee. Ni kichwa chako."

Mkurugenzi akavua miwani. "Rudia."

"Lile bango. Limekinga mawimbi. Tukilishusha..."

"Halishuki! Weka ule mtandao ambao kila redio inaongea na kila redio."

"Ule ni kama umbea, mzee. Mlango mmoja ukifungwa, habari inapitia kwa jirani. Lakini unataka majirani wengi, na sisi tuna redio mbili." Akavuta pumzi. "Tuongeze moja tu, ipokee habari ya tangi na kuirusha upya pampuni. Ila ikae juu kabisa. Na hapa kwetu hakuna aliye juu kuliko wewe."

Mkurugenzi akatafakari. "Kwa hiyo habari zote za maji zitapitia kwangu?"

"Kichwani mwako, mzee."

Akatia saini papo hapo.

Redio hiyo ilihitaji antena mbili, moja ielekee kilimani na nyingine bondeni. Zikasimama juu ya lile bango, huku na huku, kama pembe za beberu. Kesho yake saa tano asubuhi, tangi lilipojaa, pampu ikajizima yenyewe. Wifi alipiga simu kutoa taarifa, lakini alikuwa akicheka hata hakueleweka.

Mkurugenzi alitoka uani, akajitazama pale juu ya paa. Wafanyakazi wote wakainamisha macho chini.

"Zimenipendeza," alisema mwishowe, akaagiza apigwe picha.